Mita Moja na Nusu ya Mama Quincy

Watu wakikuona umevaa riflekta na umebeba tripodi begani, hawakupi chai. Wanakufungulia mbwa. Mimi nimepimia serikali ardhi miaka ishirini na mbili, tangu nitoke chuo na diploma yangu, na nimekimbizwa na mbwa wa Wakristo, wa Wahindu na wa wale hawaendi popote. Nyumba moja tu kwa kazi yangu yote ndio nilikuwa nawekewa kikombe kabla sijashuka kwa gari. Ilikuwa ya Mama Quincy, huko Pumpu, kando ya ziwa Naivasha.

Na hiyo siku ndio nyumba nilikuwa naogopa kufika.

Pumpu ni nyumba kumi na mbili na kanisa moja. Miaka michache iliyopita ziwa lilipanda likaingia kwa mashamba ya watu bila kubisha hodi. Viboko walikuwa wanakula sukuma wiki kwa shamba la kasisi. Maji yakarudi chini kidogo, na watu wakaanza kuanika magodoro yaliyolowa kwa mvua, halafu sisi tukafika. Sheria inasema kuanzia pale maji yalifika juu kabisa, hesabu mita thelathini, hapo katikati hakuna mtu kujenga. Ofisi ilitumia picha ya setilaiti, ikachora laini, laini ikapita nyuma ya nyumba zote kumi na mbili. Tukapiga kila ukuta X nyekundu. Rangi nilishika mimi. Sijivunii.

Watu wa Pumpu wakaenda korti. Jaji akasema picha pekee haitoshi, tulete rekodi iliyoandikwa hapo chini na mtu aliyekuwa hapo. Mpaka hiyo rekodi ipatikane, hakuna kubomoa, lakini pia hakuna kujenga, kuuza wala kurekebisha. Miaka miwili ikaisha hivyo. Hata kupigilia msumari wa kutundika kalenda ilikuwa kosa.

Rekodi ya aina hiyo ilikuwa moja tu. Ilikuwa kitabu cha Mama Quincy.

Bwanake, Obura, alikuwa mtu wa reli. Alizaliwa kwa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, huko Nakuru, na babake pia alizaliwa kwa landhi. Alipostaafu akanunua hiyo ploti na akajenga nyumba ya mbao kutoka Elburgon, majirani wote wakijenga ya mawe na kumcheka. Ofisi ya maji ikampa kazi ya kusoma kina cha ziwa kila asubuhi saa tatu. Mzee akatafuta kipande cha reli, akakisimamisha chini ya shamba, akakipaka alama za sentimita kwa mkono wake. Alipokufa, ukoo ulitaka mwili upelekwe Siaya kwa mababu. Mama Quincy akakataa. Akawaambia huyu mtu hakuwahi kulala Siaya hata usiku mmoja, mnataka akaanze sasa? Akamzika hapo hapo, kati ya nyumba na ziwa. Wazee wakaondoka wakisema kaburi kando ya maji ya serikali si boma, ni parking.

Kesho yake saa tatu mama akavaa gambuti za marehemu akaenda kusoma reli. Hajawahi kukosa.

Sasa mnaona shida yangu. Ile picha ya setilaiti ilihesabu hata maji ya mvua yaliyotuama huko juu, ikadhani ni ziwa. Mtu yeyote aliyesomea hii kazi angejua ukweli ni laini ya chini zaidi. Kitabu kingetoka, nyumba kumi na moja zingekuwa huru siku hiyo hiyo. Ya kumi na mbili, ile ya chini kabisa karibu na maji, ndio ya mwenye kitabu.

Tulifika saa nne, mimi na Madam Natasha, bosi wangu. Natasha ana miaka ishirini na tisa na anajua sheria kwa kichwa kama mtoto wa Sunday school anavyojua mistari.

"Mzee Masinde," akaniambia kwa gari, "kesho tunarudi korti. Leo ndio mwisho. Bila record, case inafungwa, study inaanza upya. Hapo ni miaka mingine miwili."

"Nimesikia, Madam."

"Wewe Mama Quincy anakupenda. Ongea naye. Mimi nitakuwa kanisani na wale wengine."

Mama Quincy alikuwa mlangoni. Mwanamke wa miaka sitini na nane, mwembamba, leso kichwani, macho ya kukupima kabla umpime.

"Masinde, umekonda. Bibi yako amegoma?"

"Amegoma kunipikia, Mama. Kula bado ananikula."

Akacheka, akanikalisha sitting room, akaleta chai na nduma. Sitting room yake ni ndogo, vitambaa vimelazwa juu ya kila kitu, hadi juu ya redio. Nikanywa. Nikauliza.

"Hiyo kitabu?" akasema, akiangalia nje. "Mchwa ilikula."

"Yote?"

"Mchwa hauachangi nusu."

Mimi nina tabia mbaya ya kuona. Kidole chake cha shahada kilikuwa na wino wa bluu, mbichi. Kwa dirisha kulikuwa na kalamu imefungwa na uzi. Nikaongeza sukari.

Hapo ndio Gopal akaingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha, vile huingia siku zote. Gopal, ambaye mama humwita Baba Unnati kwa jina la mtoto wake, ni jirani wa upande wa juu, mbali zaidi na ziwa. Alikuwa na duka ya mabomba na misumari mjini, sasa amestaafu na kazi yake ni kugombana. Amegombana na ofisi yetu, na kanisa juu ya spika, na viboko. Mkewe, Indu, alivunjika nyonga mwaka uliopita na anatumia kiti cha magurudumu. Nyumba yao iko juu ya ngazi sita. Gopal aliomba ruhusa ya kujenga mteremko wa simiti badala ya ngazi, tukamkatalia kwa sababu ya korti. Barua ilitoka kwa mashine yetu. Tangu hapo Indu hajashuka. Miezi kumi na moja anaangalia ziwa kwa dirisha.

Nikajua mzee amekuja kuitisha kitabu. Ningekuwa yeye ningeitisha nikiwa nimepiga magoti.

Jikoni na sitting room zimetenganishwa na mbao za inchi moja. Sikutega masikio. Yalikuwa tayari yametegwa.

"Mama Quincy, hawa wamekuja. Umewaambia nini?"

"Mchwa."

"Vizuri. Sasa choma."

"Nichome nini, Baba Unnati?"

"Kitabu! Washa jiko, choma. Wakipata hiyo kitabu wewe utaenda wapi? Kwa Quincy huko Qatar, ukapigwe na jua? Na Obura abaki hapa pekee yake?"

Nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Na Indu?" mama akauliza.

"Indu yuko sawa."

"Indu hayuko sawa. Nilikuwa huko jana. Aliniuliza kama ule mpera umezaa. Mti uko hatua themanini kutoka kwa kitanda chake, na ananiuliza mimi kama umezaa."

"Miaka miwili si mingi," Gopal akasema, sauti imeshuka mpaka sikumtambua. "Nimeongea naye. Yeye mwenyewe ndiye amenituma. Amesema mwambie achome."

Mimi hapo nikaweka nduma chini.

Halafu nikasikia kifuniko cha debe la unga kikifunguliwa. Akatoka jikoni na kitabu kimefungwa kwa karatasi ya nailoni, unga umekijaa pembeni. Gopal nyuma yake mikono juu kama refa anayekataa goli.

"Masinde," mama akasema. "Nilikudanganya. Mchwa haina makosa."

"Nilijua, Mama. Kidole."

Akaangalia kidole chake, akakificha. "Nitakupa. Lakini soma namba pekee. Ile safu ya mwisho usisome. Na yule msichana bosi wako asisome."

"Safu gani?"

"Ya maelezo."

Nikamwahidi. Na nilikuwa nimekusudia. Lakini hizo vitabu zimechorwa na ofisi: tarehe, saa, kina, maelezo, zote mstari mmoja, na jicho halina breki. Kwa maelezo mtu huandika mvua imenyesha, au upepo mkali. Yeye alikuwa anaandika hivi:

*Maji yamefika kwa mpera. Kuku wawili wamekufa, ile nyeupe uliyopenda na nyingine.*

*Quincy amepiga simu. Amepata kazi. Nikamwambia babako amesikia.*

*Leo nimechelewa dakika kumi. Mguu. Usinifokee.*

Nikajua kwa nini kitabu kilikuwa kwa unga. Watu wote wa Pumpu walidhani anaficha nyumba. Alikuwa anaficha pia barua zake kwa Obura.

Nikafungua ule mwezi maji yalikuwa juu kabisa. Mita mbili na sentimita kumi na nne. Kwa maelezo: *Imefika miguuni mwako. Nimekaa hapa mpaka saa tano nikiangalia kama itapanda tena. Haikupanda.*

Nikafunga kitabu. Nikajifanya nina mafua.

Tukatoka nje kupima. Huko Pumpu ardhi imelala kama chapati. Maji yakipanda sentimita moja, yanatembea nusu mita. Nikatafuta pale sentimita mia mbili na kumi na nne zinafika, nikasimamisha kijiti hatua moja chini ya kaburi la Obura, nikavuta tepu mita thelathini kuelekea nyumba. Tepu ikapita kaburi, ikapita maua, ikapanda ngazi ya mlango, ikaingia sitting room, ikaishia kwa kitambaa cha redio. Nyumba ilikuwa imeingia kwa riparian, ile mita thelathini ya ziwa, kwa mita moja na nusu. Kwa Gopal laini haikufika hata kwa ua.

Nikarudia. Tepu ni kitu hakina huruma.

Hapo nikafanya hesabu nyingine, ya kichwani, ile hufundishwi chuo. Kama ile reli ilikuwa imezama kwa matope sentimita nne tu, basi kila kitu kilichosomwa kilizidishwa sentimita nne. Laini inashuka mita mbili. Nyumba inatoka nje, na nusu mita inabaki ya kukunjia miguu. Na vyuma huzama kwa matope. Hakuna mtu angeshangaa.

Kwa ukurasa wa kwanza wa kitabu ofisi ilikuwa imeandika, ile siku reli iliwekwa, kwamba kichwa chake kiko chini ya ngazi ya kanisa kwa mita moja na sentimita sita. Nikasimamisha darubini ya kupimia katikati, nikasoma ile rula ndefu ikiwa kwa ngazi ya kanisa kwanza: sufuri nukta sita mbili. Rula ikisimama chini zaidi namba inaongezeka, kwa hivyo kwa reli, kama haijazama, nilitakiwa kuona moja nukta sita nane. Nikiandika moja nukta saba mbili, imezama. Nambari mbili tu. Natasha alikuwa kanisani amezungukwa na watu kumi wanaomfokea.

Gopal ndiye alinishikia ile rula ndefu juu ya reli. Nadhani aliona uso wangu akaelewa kuna kitu kinapikwa, akataka kusaidia. Akaanza kuinua rula polepole.

"Mzee Gopal, shusha!" nikamwambia. "Ukiinua unapandisha maji mpaka kwa kitanda!"

Akaishusha kama ameungua.

Nikaweka jicho. Moja nukta sita nane, wazi kama mchana.

"Moja nukta saba mbili," nikasema kwa sauti, nikiandika. "Imezama, Mama. Sentimita nne. Hiyo ni kawaida, chuma ni chuma."

Mama Quincy alikuwa amesimama nyuma yangu. "Imezama?"

"Imezama."

"Obura alimwaga simiti debe sita hapo chini. Nilichanganya mimi."

"Miaka mingi, Mama."

"Hebu nione."

"Hii darubini inahitaji mtu amesomea…"

"Masinde. Nimesoma sentimita kila asubuhi miaka saba. Toka hapo."

Nikatoka. Akainama, akafunga jicho moja, leso ikashuka akaipandisha. Alikaa hapo kama mtu anayesoma barua ya mwanawe.

"Sita nane," akasema.

Nikaangalia karatasi yangu.

Hakunigombeza. Alinishika mkono, huu wa kalamu, akaupiga-piga kidogo vile unapiga mgongo wa mtoto apate kucheua. "Una roho nzuri," akasema. "Lakini ukiandika reli imezama, umeandika Obura hakujua kazi. Na hizi namba zangu zote zimekuwa uongo, na hao wengine wote wanasimama juu ya hizo namba. Mtu wa korti akija na darubini yake? Indu atapandishwa tena hizo ngazi. Futa."

Nikafuta. Karatasi ikatoboka, vile nilifuta.

Natasha akaja na faili yake. Nikampa namba, za kweli. Akapiga hesabu, akavuta tepu mwenyewe, akafika kwa redio. Akasimama hapo sitting room ameshika ncha ya tepu, hajui aangalie wapi.

"Naomba kitabu," akasema.

Mama akaniangalia. Akachukua kitabu kwangu, akampa.

Natasha alifungua kupata ile tarehe. Nikaona macho yake yakienda kulia, kule hayakutakiwa kwenda. Akasoma mstari mmoja. Akafungua ukurasa mwingine. Akafunga, akaweka kiganja juu ya kitabu kama mtu anayezuia kisipeperuke.

"Nitapiga photocopy ya safu tatu za kwanza," akasema pole pole. "Ya nne nitafunika na karatasi. Haihusu ofisi."

"Asante, mwanangu."

"Lakini laini ni laini, Mama. Siwezi…" Akapanga karatasi za faili. Akajaribu tena. "Shamba linabaki lako, title haiguswi. Kaburi si jengo, halina shida. Ni nyumba ndio haiwezi kuwa ndani ya mita thelathini. Una siku tisini."

Gopal akalipuka. Alisema mambo kwa Kiswahili, Kigujarati na Kingereza, na yote nilielewa. Natasha alisimama tu akinyeshewa.

Mama Quincy hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaangalia tepu. Akaifuata na macho kutoka mlangoni mpaka kwa redio. Akaenda kwa ukuta wa nyuma wa sitting room, ule unaopakana na chumba cha kulala, akaugonga na ngumi. Mbao. Akapima kwa hatua kutoka hapo mpaka ncha ya tepu.

"Msichana."

"Ndio, Mama."

"Ukisema nyumba, unasema yote, ama ile imeingia?"

Natasha akafungua faili. Akasoma, midomo ikitembea. Akasoma mara ya pili. "Imeandikwa, *sehemu yoyote ya jengo iliyo ndani.*"

"Sasa nikikata sitting room?"

Gopal alibaki mdomo wazi katikati ya tusi.

"Nyumba ya mawe huwezi kukata," mama akasema. "Hii ni misumari. Nikitoa hii chumba yote, hapo nyuma ni chumba cha kulala na jikoni. Nahitaji nini kingine? Wageni wangu ni Gopal, na yeye huingilia jikoni."

Natasha akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, kitu ambacho hakiko kwa mwongozo wa utumishi wa umma. Akaandika hapo hapo, akasaini, akapiga muhuri juu ya goti lake.

Siku ya kukata ilikuwa Jumamosi, wiki ya tatu baada ya korti kupokea namba. Nilikuja na basi kutoka Nakuru, bila riflekta, na nyundo. Gopal alileta fundi wanane, wale wale waliokuwa wamemaliza mteremko wake Jumatano. Yeye alikuwa msimamizi, yaani alikuwa anapiga kelele. Indu alikuwa chini ya mpera kwa kiti chake, shali mabegani, anatuelekeza sote kwa kidole na kula mapera mabichi.

Mbao za Elburgon zilikuwa bado na nguvu. Tuling'oa msumari mmoja mmoja. Paa ya mbele ikashuka, kuta mbili za pembeni zikashuka, mwisho tukabaki na ule ukuta wa ndani, ambao mlango wake mdogo ulikuwa unaelekea chumba cha kulala. Mbao zake za chini zilikuwa zimeoza tangu ile mvua, kwa hivyo fundi mkubwa akasema tuutoe wote, asimamishe mpya kabla ya jua kutua.

Ukuta ukalala chini polepole kama mzee anayekaa.

Na hapo, mbele yetu wanaume kumi, chumba cha kulala cha Mama Quincy kikawa wazi kwa dunia yote. Kitanda cha futi nne, shuka haijatandikwa vizuri kwa sababu aliamka mapema kutupikia. Gauni la kulalia juu ya kiti. Na kwa msumari wa ukutani, koti la reli la Obura, na vifungo vyake bado vimesuguliwa na brasso mpaka vinang'aa.

Mama alitoka jikoni na birika, akaona, akasimama. Alikuwa ameshika birika na mikono miwili, na uso wake ulikuwa kama wa msichana.

"Geukeni!" Gopal akanguruma. "Nyinyi wote! Mmezaliwa wapi? Geukeni!"

Tukageuka. Fundi wanane, mimi, na Gopal mwenyewe, tumejipanga mstari na nyundo mkononi kama gwaride la Sikukuu ya Madaraka, tunaangalia ziwa. Maji yalikuwa yametulia, na korongo mmoja alikuwa anatembea kwa mafunjo akiinua miguu kama anaogopa kuchafua viatu. Nyuma yetu tulisikia shuka ikikung'utwa. Tukasikia kiti kikivutwa. Halafu, kule koti lilikuwa limetundikwa, sauti ya chini ya mtu anayeongea na mtu mwingine, polepole, bila haraka. Fundi mmoja kijana alitaka kugeuza shingo. Gopal akamshika sikio bila kumwangalia.

"Bado," akamwambia.

Indu, kule chini ya mpera, ndiye peke yake aliyekuwa anaona. Alikuwa ameacha kula. Alikuwa anatabasamu.

Tulisimama hapo mpaka mama mwenyewe akasema.

"Haya. Sasa mnaweza kugeuka. Chai inapoa."